Mtoto Aliyekataa Harufu Yangu

Kama una chupa ya mafuta ya mvuto ndani ya nyumba, na una mtoto wa kunyonya, nenda kwanza uifunge vizuri uiweke mbali, halafu urudi usome. Nitakungoja.

Sikutaka kuandika haya. Mdomo wangu ni mrefu, hilo kisiwa kizima cha Rusinga kinalijua, lakini kuna mambo hata mwenye mdomo mrefu huyameza. Ila mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya kliniki Mbita, nikasikia harufu ile ile ikitoka kwa dada aliyekaa benchi la mbele, na mtoto wake analia huku akigeuza uso. Nikamgusa bega, nikamuuliza, "Dada yangu, umejipaka nini?" Aliniangalia vile mtu huangalia mwenda wazimu, akabeba mtoto wake akahama benchi. Sikumlaumu, maana hata mimi ningehama. Basi nikasema nitaandika, na asiyetaka kunisikia benchini atanisoma kwake.

Mimi ni mzaliwa wa Karungu, upande wa Migori. Niliolewa Rusinga, na hapa hakuna anayeniita kwa jina langu. Mimi ni nyar Karungu, binti wa Karungu, kwa sababu kwetu mke huitwa kwa jina la kwao. Kazi yangu ni omena, wale dagaa wa ziwani. Nanunua kwenye mashua, naanika juani juu ya nyavu kuukuu, nageuza, nakusanya, nauza. Mume wangu Ouma huvua mbuta, yaani sangara, kule kisiwa cha Remba, na huja nyumbani mara moja kwa mwezi akipata nafasi. Tulipoteza mimba mbili kabla ya Akinyi. Alipozaliwa Akinyi, alfajiri moja kabla ya mvua za masika, mama mkwe wangu alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi akashukuru mpaka sista akamwomba apishe kitanda.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Akinyi akiwa na miezi mitatu, Ouma alikuja nyumbani, akala, akacheza na mtoto, akalala akiangalia ukuta. Siku ya pili, ukuta. Siku ya tatu, ukuta tena, kisha akarudi Remba. Sikumuuliza. Mimi ninayegombana na wanaume wa mashua mbele ya watu, nilishindwa kumuuliza mume wangu swali moja. Nilijinusa tu. Nilinuka omena, nilinuka maziwa yaliyochacha kwenye blauzi, nikasema moyoni, nani atamgeukia mtu kama huyu?

Mvua zilipokatika nilienda Migori mjini kumsalimia dada yangu, na sokoni nikakutana na muuzaji mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi, begi dogo kwapani. Hakupiga kelele kama wenzake. Aliongea polepole.

"Mama, haya si marashi," aliniambia. "Marashi hunuswa na pua. Haya hunuswa na damu. Yana feromoni. Mtu hajui amenusa nini, anajikuta tu amekuja."

Nikacheka. Nikamwambia muuzaji, basi mume wangu atatoka Remba kwa kufuata pua, boti ya nini? Yeye hakucheka. Alinionyesha namna ya kupaka: usidonoe kwa kidole kimoja, mimina kiganjani, halafu shika shingo yako yote kwa mkono huo uhesabu polepole mpaka kumi. Paka kila asubuhi, yakuzoee. Na siku ambayo mwenyewe yuko nyumbani, akasema, kunywa kidogo. "Mwili ukipata joto la pombe, mafuta yanaamka."

Yanaamka. Neno hilo lingenitosha kukimbia. Nilinunua.

Chupa ilikuwa ndogo, haina maandishi ila picha ya waridi. Mafuta yenyewe yalinukia maua makavu na ganda la limau, na chini kabisa, ukivuta sana pumzi, kulikuwa na jasho. Si jasho langu, wala la Ouma. Lilikuwa la mtu nisiyemjua. Nilipaka kama nilivyoelekezwa, asubuhi kwa asubuhi, kisha nikashuka ufukoni kuanika omena, shingo wazi juani. Siku ya tatu sikuisikia tena ile harufu. Nikadhani imeisha, nikaongeza.

Ouma alikuja Jumamosi jioni, nami nikapanga yangu Jumapili mchana. Mama mkwe ni Msabato, pombe haiingii kwenye ua wake, kwa hiyo Ouma alikuwa ameficha bia zake ndani ya mfuko wa unga. Mtoto alikuwa kwa bibi yake. Nilijipaka mara mbili, nikakaa naye nyuma ya nyumba, nikanywa chupa mbili. Nilikuwa nanyonyesha, najua, hata usiniambie. Nilishaambiwa na wenye haki ya kuniambia.

Ya pili haikuisha vizuri. Uso ulishika moto. Moyo ulianza kwenda mbio, nikauona ukipiga chini ya blauzi, na masikio yakaanza kuvuma. Niliangalia mlango nikaona milango miwili. Nikajilaza kwenye mkeka, nikasikia shingo inawasha kama nimepakwa pilipili.

Ouma aliinama, akaninusa.

"Hii harufu ni ya nani?" akauliza.

"Ya nani tena? Ni yangu."

Alikuwa akae mpaka Jumatano, lakini Jumatatu asubuhi nikaona kitanda kitupu, ameshachukua boti. Na mimi, badala ya kujiuliza, nilijilaumu kwamba nilipaka kidogo.

Jioni ile ya Jumapili ndipo Akinyi aliponikataa. Mama mkwe alimleta akiwa na njaa, mdomo unatafuta. Nikamweka kifuani. Alinusa, akakaza mwili wote, akageuza shingo, akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtoto. Nilimpa ziwa la pili, ikawa hivyo hivyo. Nikamrudisha kwa bibi yake, akanyamaza. Nikamchukua, akaanza tena. Siku zilizofuata alikubali mikono ya kila mtu, ya bibi, ya Lilian rafiki yangu tunayeanika naye omena, hata ya muuza mkaa asiyejua kushika mtoto. Alinikimbia mimi peke yangu. Nilikamua maziwa tukawa tunamnywesha kwa kijiko, nusu yanamwagika. Shavu lake la kushoto, lile analoegemeza kwangu, likatoka vipele.

Na kuna jambo ambalo bado linanisumbua. Nikimshika, kabla hajaanza kulia, alikuwa akiangalia juu ya bega langu, akitulia, akifuata kitu kwa macho. Nilianza kugeuka. Kila mara nageuka, na kila mara ni ukuta, au kamba ya nguo, au mlango ulio wazi na mwanga wa mchana tu. Nikaogopa kukaa naye nimeupa mlango mgongo.

Siku ya nne au ya tano Lilian alikuja kunisaidia kukusanya omena. Nilivua kitambaa shingoni nipanguse jasho. Akaangusha karai, omena zote chini.

"Yawa! Nyar Karungu, nani alikukaba?"

"Anikabe nani?"

Alinivuta mpaka kwenye kioo cha pikipiki iliyokuwa imeegeshwa. Shingo yangu ilikuwa na alama. Upande wa kushoto mistari minne, myeusi kuliko ngozi yangu, inateremka kuelekea kooni. Upande wa kulia mmoja, mnene na mfupi. Ukiweka mkono wa mtu hapo ungetosha. Mle mle kwenye mistari ngozi ilikuwa imevimba, inauma kama mtu aliyemwagikiwa maji moto. Lilian alinyoosha mkono aguse, akaurudisha.

Ile siku niliacha kupaka. Chupa sikuitupa. Niliificha chini ya godoro upande wa ukutani, upande anaolala mtoto, kwa sababu mama mkwe hafagii huko. Nikaoga kwa sabuni mara tatu kwa siku. Akinyi hakubadilika.

Tulienda zahanati mara mbili. Mara ya kwanza tulikaa benchi tangu asubuhi mpaka jua la saa saba, tukapewa dawa ya tumbo na ya vipele. Mara ya pili mtoto alipopimwa uzito, sista alirudia kumpima, kisha akaniangalia. Mstari kwenye kadi ulikuwa umeanza kushuka.

"Mama, kuna kitu chochote kipya unatumia? Dawa, sabuni, mafuta?"

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yangu, kibeti chake magotini. Ningefungua mdomo wangu mrefu hapo, hadithi hii ingeisha. Nikasema, "Hakuna." Shingo nilikuwa nimeifunika. Nilimwangalia mtoto wangu aliyekonda, nikasema hakuna, kwa aibu ya chupa ndogo yenye picha ya waridi.

Tulipofika nyumbani mama mkwe hakuketi. Alisimama katikati ya chumba changu, akanusa.

"Nyar Karungu, kuna mtu anaingia nyumba hii."

"Nani, mama?"

"Nimenyamaza wiki mbili. Kila nikiingia hapa nasikia harufu ya Abonyo."

Abonyo alikuwa dada wa marehemu baba mkwe. Mimi sikumwona, alikufa kabla sijaolewa. Aliachika kwa kukosa mtoto, akarudi kwao, akaishi miaka mingi akipenda vitu viwili: marashi na watoto wa wenzake. Alikuwa akiwabeba mpaka mama zao wanawadai kwa nguvu. Alipokufa alizikwa nje ya ua, kama ilivyo desturi kwa binti aliyerudi nyumbani, na jina lake halikupewa mtoto yeyote. Mama mkwe alinifungua kitambaa cha shingo taratibu. Alizitazama zile alama muda mrefu, akakirudisha.

"Anamtaka mtoto," akasema. "Amekushika wewe shingo ili umwachie."

Nilijua kuna chupa chini ya godoro. Nilijua! Lakini nikuambie ukweli, pale nilisahau kama najua. Niliamini mkono ule ni wa Abonyo, na kwamba ni yeye anayesimama nyuma ya bega langu. Ukishaogopa kiasi hicho, unachokijua hakikusaidii.

Kwetu mtoto akilia bila sababu na kukataa ziwa, husemwa kuna marehemu anayetaka jina lake liitwe. Wazee hukaa na mtoto, wakataja majina ya waliotangulia mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Mama mkwe, na Usabato wake wote, alisema tutafanya Jumapili asubuhi. Nilimuuliza kanisa litasemaje. Akanijibu kwamba kanisa lina majina yake ya ubatizo, na haya ni ya nyumbani.

Nilimwendea Lilian nikalia, nikamwambia habari ya chupa. Yeye pekee. Lilian ana moyo wa dhahabu, na ushauri wake siku ile ulikaribia kumuua mwanangu. Alisema sisi wauza omena tukitaka kutoa harufu ya samaki mikononi tunatumia majivu na limau, lakini mafuta ya dukani hayo hayatoki kwa majivu. Yanataka kitu kikali. "Si hata sista akitaka kukudunga sindano anakupangusa na spiriti? Pombe inakata kila kitu. Jipake chang'aa, nyar Karungu, mtoto asikie ngozi yako yenyewe." Akaniletea kwenye chupa ya soda.

Jumapili, kabla hawajafika, nilijipangusa shingo, kifua, maziwa yote mawili, mikono mpaka viganjani. Kwenye zile alama nilisikia moto mpaka nikauma leso. Kisha nikalowesha kitambaa, nikakiweka ndani ya blauzi, ili harufu isirudi. Nikajifunika juu.

Walikaa wanne: mama mkwe, wazee wawili wa ukoo, na jirani mmoja mama mzee. Akinyi alikuwa hajala vizuri tangu jana yake. Aliletwa kwangu akilia, lakini safari hii njaa na uchovu vilimshinda, au ile harufu ilikuwa imefunikwa kweli, sijui. Alishika ziwa. Akaachia, akalia, akashika tena. Nilimfunga kifuani kwa leso, uso wake umezama kwenye blauzi yangu yenye kitambaa.

"Wewe ni Awuor?" mama mkwe akauliza. "Kama ni wewe, nyonya." Akalia.

"Wewe ni Omolo, mzee wa Rusinga?" Akalia, lakini kidogo.

"Nyagilo?" Akaguna tu.

Majina yakaendelea. Chumba kilikuwa na joto, jua limeshika mabati. Kilio kikapungua kila jina, kikawa kama mtu anayetembea akienda mbali. Yakabaki majina machache, kisha hakuna. Mama mkwe aliinamisha kichwa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Abonyo. Kama ni wewe, mwache mtoto anyonye. Tutakuita."

Akinyi akanyamaza.

Mama mzee alishusha pumzi. Mama mkwe alianza kutokwa machozi, akisema, "Ero kamano, Abonyo, asante, asante." Nami nilifurahi kuliko wote. Nakuambia nilifurahi! Mtoto wangu alikuwa ametulia kifuani pangu kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Nilimshukuru marehemu nisiyemjua, nikamwambia moyoni, chukua jina, nyumba hii ni yako, niachie tu mtoto.

Halafu mkono wake uliteleza kutoka kwenye ziwa langu ukaning'inia.

Nikamwita. Nikamgusa kisigino. Macho yalikuwa nusu wazi, meupe. Shavu lilikuwa la baridi ndani ya chumba kile cha moto. Nikainamia mdomo wake nisikie pumzi, na pumzi ilipokuja, ndogo, ilinuka chang'aa.

"Si Abonyo!" nilipiga kelele. "Mama, si Abonyo! Nimejipaka chang'aa! Ni mimi! Nilinunua mafuta Migori, ni mimi, ni mimi!"

Walinitazama. Mzee mmoja alifikiri marehemu amepanda kichwani kwangu, akaanza kuomba. Mama mkwe peke yake ndiye aliyesimama. Alichomoa mtoto kwenye leso, akatoa kile kitambaa ndani ya blauzi yangu kwa mkono wake, akakinusa, akakitupa nje. Hakunitukana, hata neno moja. Alitoka akiita mwenye gari, jirani yetu mwenye probox, na tukavuka Mbita tukashika lami ya Homa Bay, yeye akimpepea mtoto, mimi nikihesabu pumzi. Nilikuwa nahesabu, halafu napoteza hesabu, halafu naanza upya.

Hospitalini walimchukua mikononi mwetu. Daktari, kijana mmoja mwembamba mwenye miwani, alisikia harufu kabla sijafungua mdomo. "Nani hapa amekunywa?" akauliza. Nikamweleza yote, mbele ya mama mkwe na foleni nzima ya akina mama. Hata bia. Hata kulala kuangalia ukuta. Walimdunga sindano kichwani, maana mishipa ya mikono ilikuwa imejificha, wakampa maji ya sukari. Sukari yake ilikuwa imeshuka sana, kwa njaa na kwa pombe aliyovuta na kunyonya kwenye ngozi yangu. Niliambiwa nikaoge bombani nje, nguo zote zitoke. Sikuwa na nguo nyingine. Mama mmoja wa Ndhiwa, aliyekuwa na mtoto mwenye nimonia, alinivulia leso yake ya juu, akanipa na kikombe cha uji. Hakuniuliza kitu. Kama unasoma haya, mama, Mungu akuweke.

Benchi lile la nje ya wodi ya watoto nalijua ufa kwa ufa. Mlango ukifunguka, sisi sote tunainua vichwa. Mama mkwe alikaa mwisho mmoja, mimi mwisho mwingine, na nafasi ya watu watatu katikati ikabaki tupu ingawa watu walikuwa wamesimama. Alasiri daktari alitoka, akasema mtoto amefungua macho na amelia. Kulia! Kitu nilichokichukia wiki mbili, nikatamani anirudishie mpaka masikio yapasuke.

Kesho yake ndipo yule daktari alipotazama shingo yangu.

"Ulipakaje?"

Nikamweleza habari ya kiganja.

"Hebu weka mkono wako hapo, kama ulivyokuwa ukiweka."

Nikaweka mkono wa kulia kooni. Mama mkwe alikuwa ananitazama, na nikaona uso wake unabadilika kabla sijaelewa. Vidole vyangu vinne vililala juu ya mistari minne, na dole gumba juu ya ule mnene. Mafuta yalikuwa yamebaki pale nilipokamata, na jua la ufukoni likayachoma. Nilibaki nimejishika shingo vile, siwezi kuutoa mkono. Mpaka leo nikikumbuka, hilo linanitisha kuliko Abonyo.

Daktari hakujifanya anajua kila kitu. Alisema hajaona uthibitisho kwamba mafuta hayo yanavuta watu. Kwamba baadhi ya mafuta yenye manukato huchoma ngozi juani, hilo analiona mbele yake. Moyo kwenda mbio inaweza kuwa bia, inaweza kuwa kitu ndani ya chupa, inaweza kuwa vyote viwili au hofu tu. Chupa isiyo na maandishi, alisema, hata yeye hawezi kuisoma.

Mama mkwe alirudi nyumbani kuchukua nguo, akapindua godoro. Chupa ilikuwa imevuja. Upande wa Akinyi wote ulikuwa umelowa mafuta, na nilikuwa namlaza hapo kila siku. Aliliburuta godoro mpaka nje, akalichoma.

Ouma alifika siku ya tatu. Alisimama mbele yangu, kofia mkononi, ananuka maji ya ziwani. Nilimngoja anipige, au aseme maneno ambayo hayafutiki.

"Nilidhani una mwanaume," akasema. "Ile harufu. Nilijua si yako, nikasema kuna mtu ameiacha kwako. Ndiyo maana niliondoka."

"Na ile mara ya kwanza? Ulilala ukiangalia ukuta siku tatu."

Alinishangaa. "Mgongo. Si nilivuta nyavu mpaka nikashindwa kugeuka? Upande ule ndio haukuuma."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikamwambia maneno mabaya ambayo sitayaandika, kwa nini hakusema, na yeye akaniuliza kwa nini sikuuliza. Tuligombana pale uani mpaka mlinzi akatutenganisha. Tulibaki na ugomvi huo miezi. Bado tuna kipande chake.

Dada, haya ndiyo ninayoweza kukuambia. Usijipake kitu usichoweza kukitaja kwa sista. Ukijipaka, usishinde juani nacho, usinywe pombe juu yake ukijaribu kukiamsha, na usimlaze mtoto penye harufu yake. Usiondoe harufu mwilini kwa pombe ukiwa na mtoto wa kunyonya, hata kwa kupangusa tu. Pua yako ikinyamaza, usidhani harufu imeisha. Na ukiulizwa kuna kitu kipya, sema kipo. Aibu haikuui. Mimi alama zangu zilikaa mpaka mvua za vuli, zikafifia hadi rangi ya chai, na watu bado huuliza. Najibu kila anayeuliza.

Lakini siku zile za wodini sikujali shingo. Akinyi alipata nguvu, akanywa maziwa yangu kwa kikombe, akacheka na kila sista. Mimi alinikataa bado. Siku ya tano, ya sita, ya saba. Maziwa yalianza kukauka, nikawa nakamua natoka na vijiko viwili. Sista mmoja mtu mzima alinikataza sabuni ya kunukia, akanipa kipande cha sabuni ya kufulia, akasema nisuuze sana, kisha nisijipake chochote. "Kaa na jasho lako," alisema. "Anakutafuta, hajakupata."

Siku ya tisa nilitumwa maabara na karatasi. Foleni ilikuwa juani, nikasimama mpaka mgongo ukalowa, nikarudi nimechoka, nikasimama mlangoni mwa wodi. Mama mkwe alikuwa amempakata Akinyi, amenipa mgongo, mtoto amelala. Sikuongea. Sikupiga hata hatua.

Mtoto alianza kugeuza kichwa, macho yamefumba, mdomo unatafuta. Akageuza mpaka akafika upande wangu, akaguna.

Mama mkwe alinitazama. Zile siku zote hakuwa amenipa mtoto kwa mikono yake, sista ndiye aliyekuwa akinipa. Aliinuka, akaja, akamweka kifuani pangu. Akinyi alinusa shingo, akanusa kwapa, akashuka, akashika kwa nguvu mpaka nikauma midomo.

"Nyonya, mama," nikamwambia. "Ni mimi."